Chupa ya Sita Haina Udongo

Kila mzunguko ulikuwa na chupa sita, na chupa moja kati ya hizo sita haikutiwa udongo. Hiyo ndiyo kanuni aliyoishika mwanamke huyu tangu siku alipokabidhiwa ufunguo wa chumba cha kukamulia, na hajaivunja kwa ajili ya mkubwa, mdogo, mgeni wala ndugu. Chupa tano zilibeba udongo wa watu. Ya sita ilipewa kila kilichopewa zile nyingine: kiyeyusho kile kile, chumvi ile ile ya kukaushia, kikombe kile kile cha karatasi nene. Udongo tu ndio ilionyimwa. Basi ikakaa mwisho wa safu, ikachemka kutwa nzima bila kazi ya kuonekana kwa macho. Pale maabara waliiita "tupu".

Na yeye wakamwita Mama Tupu.

Ndani ya maabara jina hilo halikumchekesha mtu. Nje ya maabara lilikuwa na mambo yake. Siku ya kumuaga karani mmoja aliyestaafu, mshereheshaji aliyekodiwa, asiyejua lolote kuhusu udongo wala chupa, alipewa majina ya wafanyakazi akayasoma kama alivyoyakuta. "Sasa tunamwomba Mama Tupu aje mbele atusalimie!" Wageni wa upande wa karani wakaanza kutazama sahani zao. Mwanamke akainuka, akapita katikati ya meza na gauni lake lililofika mpaka vifundoni, akashika kipaza sauti na kusema, "Kama mnavyoona, nimevaa." Mumewe, ambaye ni fundi saa na si mtu wa kucheka ovyo, alicheka mpaka ikabidi atolewe nje akapunge hewa.

Kazi yenyewe si ya mchezo. Sumu anazozitafuta ni zile zisizooza: dawa za zamani za kuulia wadudu, mafuta ya transfoma kuukuu, na jamaa zao. Nyingi zilipigwa marufuku miaka mingi iliyopita. Viwanda vyake vimefungwa, waliozinyunyiza wengine wameshazikwa, lakini zenyewe zimo udongoni, zimekaa kama mgeni asiyejua kuaga. Mvua haiziondoi. Hukaa kwenye udongo, zikapanda kwenye mboga na maziwa, zikaishia kwenye mafuta ya mwili wa mtu, na humo namo hazitoki. Maji huzigonga tu na kupita. Ukitaka zitoke lazima uziite kwa kitu cha ukoo wao, kiyeyusho kinachonuka kama petroli.

Udongo ukiletwa kwenye mitungi ya kioo, Mama Tupu huutandaza kwenye sinia kivulini, kwa maana jua kali hufukuza nusu ya ushahidi. Ukikauka huokota mizizi na vijiwe kimoja kimoja, huuponda, huuchekecha, huupima kwenye mizani, kisha huuchanganya na chumvi inayokunywa unyevu uliobaki, mpaka uteleze kama sukari. Hapo ndipo huujaza kwenye kikombe cha karatasi na kuwasha jiko chini. Kiyeyusho huchemka, mvuke hupanda, hukutana na bomba la maji baridi na kurudi chini tone kwa tone, kama mvua ya rasharasha juu ya shamba dogo. Kikombe hulowa, kiyeyusho hupanda mpaka ukingoni, halafu ghafla chote huvutwa chini kwa mkupuo mmoja, kama mtu aliyemeza chai kabla haijamuunguza. Kisha mvua huanza tena. Hivyo kutwa nzima. Jioni, kilichokuwa udongoni huwa kimeshuka kwenye chupa. Hukipunguza kwa kukivukiza taratibu mpaka kibaki kama kijiko kimoja, hukipitisha kwenye unga mweupe wa kukamata mafuta na rangi, na kukipeleka chumba cha pili, kwenye mashine ya kusomea.

Kazi ya namna hii haitaki mtu mwenye haraka, na yeye hakuwahi kuwa na haraka. Alipokuwa mtoto, akitumwa kuchagua maharage, alikuwa akiligeuza kila haragwe pande zote mbili, nyumba nzima ikalala njaa ikimsubiri. Kaka yake ndiye aliyembandika jina la Chekeche. Wengine wote waliokuwa wakimwita hivyo wamekufa. Alibaki yeye kaka peke yake, na kila alipolitamka mwanamke alijisikia ana umri wa kukaa chini jikoni miguu imenyooka.

Masharti yake chumbani yalijulikana. Mtu aliyejipaka mafuta mikononi hakuingia. Aliyejipulizia marashi hakuingia. Siku moja mkuu wa maabara mwenyewe alikuja amenyoa na kujipaka maji ya ndevu, akasimamishwa mlangoni.

"Mama, mimi ndiye mkuu hapa."

"Najua, mkuu. Ndiyo maana nakunusa kwa heshima. Rudi ukanawe."

Akarudi, akanawa. Mkuu huyo alikuwa mtu wa haki, na ndiye aliyesoma mashine. Aliwahi kuwaambia wageni kwamba hajawahi kuogopa majibu yaliyotoka mikononi mwa mama huyu, kwa sababu tupu yake haikuwahi kusema neno. Maana kazi ya tupu ni kunyamaza. Ikitoa sumu ilhali haikupewa udongo, basi sumu hiyo imetoka kwenye chumvi, au kwenye chupa, au kwenye mikono ya mtu, na majibu ya zile tano hayana thamani tena. Mzunguko mzima humwagwa.

Asubuhi moja kaka yake akaja.

Alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, mtu mrefu, mcheshi, aliyeishi maisha yake yote kwa njia za mkato, na kwa bahati mbaya njia hizo hazikuwahi kumwangusha. Alikuwa na mfuko wa mkate kwapani. Mwanamke alitoka kumlaki kwenye ukumbi mdogo, ambako mlango wa kioo unaonyesha safu ya chupa zikichemka.

"Chekeche!"

"Kaka! Umeadimika kama nini. Wifi hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu na amekununia. Anasema ukitaka kumwona mpaka awe udongo." Akasogea kwenye kioo. "Hiyo ya mwisho mbona haina kitu?"

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Inachemsha nini?"

"Haichemshi kitu."

"Tangu asubuhi?"

"Mpaka jioni."

Kaka akapiga makofi mara moja, akacheka kwa sauti ya barabarani. "Kumbe humu mnapika hewa! Na sisi huko nje tunakatiwa umeme!" Kisha akateremsha sauti na kuutoa ule mfuko kwapani. "Basi leo ipate kazi. Tia huu."

Mwanamke hakuupokea. Aliutazama mfuko, na fundo lake, na vumbi jeupe lililoganda ndani ya plastiki.

"Ni wa kiwanjani?"

"Wa kiwanjani."

Kiwanja hicho alikijua. Kaka alikuwa akijenga nyumba humo, amemwaga kila senti aliyoivuna barabarani. Kuta zilikuwa zimefika madirishani. Kilikuwa nyuma ya mahali palipokuwa na ghala la dawa za mazao, ghala ambalo lilibomolewa zamani na watu wakasahau kwamba liliwahi kuwepo. Kaka akaeleza, macho yake yakiwa kwenye chupa. Vibarua walipokuwa wakichimba shimo la choo walikutana na mabonge meupe yanayomeguka. Mvua ikinyesha panatoka harufu tamu inayoganda kooni. Miche ya mkewe upande ule huchipua imejikunja kama vidole vya mgonjwa.

"Nataka kujua tu," akasema. "Mimi na wewe. Hiyo chupa ya mwisho si haina mwenyewe?"

"Ina mwenyewe. Ni ya wote wale watano."

"Maneno ya shule hayo. Mimi naona chupa imekaa bure."

"Kaka, pita mlango wa mbele. Omba kupimiwa. Watakuja wenyewe kuchota, kwa koleo safi, kona hii na kona ile, watie kwenye mitungi. Si kwenye mfuko wa mkate."

"Nikipita mlango wa mbele itajulikana."

"Ndiyo."

"Na wakikuta kitu?"

"Watazungushia uzio."

"Umeona sasa?"

"Naona. Na wewe niambie, ukijua kwa mlango wa nyuma utafanya nini?"

Kaka akakuna kidevu. "Kikiwa safi, naezeka. Kikiwa si safi..." Akauzungusha mfuko mkononi. "Kuna muuguzi mmoja anakitaka. Ana watoto wadogo, ana haraka ya kuhama, haulizi maswali mengi."

Wako watu ambao hawatamsukuma mtoto wa mwenzao kisimani hata kwa bunduki, lakini watauza kiwanja chenye kisima kisicho na kifuniko na kulala usingizi. Kaka huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, alikuwa mzee, na alitaka paa. Hayo yote ni kweli, na hakuna hata moja linalomhusu mtoto wa muuguzi.

"Kwa hiyo sumu ya mkeo haifai," mwanamke akasema, "ya muuguzi inafaa?"

"Usinihubirie, Chekeche. Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni kwenda shule."

"Ulinibeba. Na ulipochoka ulinitua, ukaniambia umechoka. Hukunidanganya kwamba tumefika."

Kaka akasonya. Akaurudisha mfuko kwapani na kutoka bila kuaga, na mwanamke akarudi kwenye chupa zake akijua, kama anavyojua sauti ya kiyeyusho kikishuka, kwamba amefanya lililo sawa. Moyo ulimuuma.

Alidhani mfuko umeondoka na mwenyewe.

Wiki hiyo ilikuwa zamu ya udongo wa shule moja ya msingi, iliyojengwa jirani na karakana ya zamani ya transfoma. Sehemu tano za uwanja, chupa tano, na ya sita tupu. Mwalimu mkuu wa shule alikuwa ameshapiga simu mara nyingi kuuliza kama watoto wacheze nje au wakae madarasani, na kila mara aliambiwa asubiri. Mama Tupu aliukamua udongo ule kama kawaida yake, akapeleka vichupa vidogo chumba cha pili, akaanza kuosha vyombo.

Mkuu wa maabara akatokea mlangoni. Alikuwa amenawa.

"Mama. Tupu yako imesema."

Mwanamke akaiweka chini chupa aliyokuwa akiiosha. "Imesema nini?"

"Njoo uone."

Kwenye skrini ya mashine, pale palipopaswa kuwa na mstari uliolala kama uzi, palisimama mnara. Mkuu akafungua majibu ya shule. Mnara ule ule ulikuwa kwenye yote matano.

"Tulikuwa tunatafuta mafuta ya transfoma," akasema mkuu. "Hii ni dawa ya zamani ya mazao. Uwanja wa shule hauna sababu ya kuwa nayo, na chupa isiyo na udongo ndiyo kabisa."

"Mwaga zote," akasema mwanamke.

"Nimeshamwaga. Sasa tutafute mlango iliopitia."

Wakatafuta kama watu wanaotafuta nyoka ndani ya nyumba. Kiyeyusho wakakijaribu peke yake, kikanyamaza. Vikombe vya karatasi vikanyamaza. Ilipofika zamu ya chumvi, mnara ukasimama. Chumvi ile huokwa kwenye tanuri na kuachwa ipoe kwenye sinia, katika chumba cha vifaa kilichofungwa, mahali safi kuliko pote katika jengo zima. Mwanamke akaenda mwenyewe, akafungua mlango, akaangalia sinia, kisha akainua macho kwenye rafu iliyokuwa juu yake.

Mfuko wa mkate ulikuwa umekaa pale, fundo limelegea, na kwenye ubao wa rafu palikuwa na vumbi jeupe jembamba, kama unga unaobaki mezani baada ya mpishi.

Mlinzi wa langoni, mwenye funguo za akiba, akaitwa. Akaja mbio, kofia mkononi.

"Mama, kaka yako ndiye aliyeniachia! Akasema nikuwekee ndani, wewe mwenyewe utajua pa kuutia. Nikaona nisiuweke ovyo, nikauweka pale penye usafi."

"Na fundo alilegeza nani?"

Mlinzi akaitazama kofia yake. "Nilichungulia kidogo tu. Mimi ni mlinzi, mama. Ningejuaje kama si bomu?"

"Ni bomu," akasema mwanamke. "Nenda ukanawe mikono mpaka viwiko, na koti hilo livue hapa hapa."

Walipobaki wawili, mkuu akavua miwani na kuifuta, jambo alilolifanya alipotaka kumpa mtu nafasi. Hakujua udongo umetoka kiwanja cha nani, ila kaka alikuwa ameshatajwa, na alikuwa mtu mwelewa. "Chumvi imechafuka," akasema polepole. "Hiyo ni kweli tupu. Tunaoka nyingine, udongo wa shule uliobaki mitungini unatosha, tunarudia kesho. Sababu inatosha hiyo."

Mlango ulikuwa wazi, na ulikuwa mlango mzuri. Hakuna uongo ambao angeutamka. Chumvi ilikuwa imechafuka kweli. Angenyamaza tu, mfuko ungechomwa kwenye tanuri la taka, shule ingepata majibu yake, na kaka angefanya atakavyo na kiwanja chake. Lakini alikuwa ameshauona ule mnara. Muuguzi hakuuona. Alifikiri pia habari ya chupa yenyewe: kama angemkubalia kaka na kuutia udongo wake mahali pa tupu, na kitu kingine kikawa kimechafua chumvi siku hiyo, wangehukumu kiwanja kwa kosa la chumvi. Sasa imekuwa kinyume chake. Chumvi imehukumiwa kwa kosa la kiwanja, na shahidi ni ile chupa ambayo kaka aliiona imekaa bure.

"Mkuu," akasema, "chumvi haikujichafua. Udongo huu unatoka mahali, na mahali hapo pana kuta zimefika madirishani, na pana mtu anataka kupauza kwa mwenye watoto. Mwenyewe ni kaka yangu. Tumetoka tumbo moja."

Mkuu akavaa miwani. "Ukishanitamkia, siwezi kukurudishia."

"Ndiyo maana nimekutamkia wewe. Ningetaka kurudishiwa ningeuambia ukuta."

"Itabidi nitume watu wakachote rasmi. Mfuko huu si ushahidi wa kitu."

"Najua si ushahidi. Watume. Na nakuomba mambo mawili. Udongo wake nisiuguse mimi. Na leo nitoke mapema, asisikie kwa mtu mwingine."

Kaka na mkewe walikuwa wamepanga vyumba viwili upande wa pili wa mji, uani kwa watu, wakisubiri nyumba yao iishe. Wifi alikuwa anaanua nguo.

"Wifi! Leo umepotea njia?"

"Nimeijua vizuri. Kaka yupo?"

"Yupo, anasinzia na redio. Mbona uso umeukunja hivyo? Umefukuzwa kazi? Kama umefukuzwa njoo, hapa hatukosi nguo za kuanua."

Kaka akatoka, akaketi kizingitini. Mwanamke hakuzunguka. Alieleza mfuko, rafu, chumvi, chupa tano za watoto wa shule zilizomwagwa, na kwamba wachotaji watakwenda kiwanjani kesho yake.

Kaka akasimama. "Umenishtaki?"

"Nimesema ulikotoka ule udongo."

"Ungeweza kunyamaza! Nani angejua?"

"Mimi. Na yule muuguzi angekuja kujua baadaye, kwa wanawe."

Wifi akaziacha nguo kwenye kamba. "Muuguzi yupi?"

Kaka akageuka kutazama ukuta.

"Nauliza muuguzi yupi! Yule anayenipima presha? Anayeniita mama?" Akamgeukia wifi yake, akakuta jibu usoni, kisha akamrudia mumewe. "Ulitaka kumuuzia yule kiwanja chenye dawa? Wewe! Mimi mkono wangu ningeufunua tena vipi mbele yake? Afadhali nife na presha yangu!"

"Mke wangu, hakuna aliyesema kina dawa. Ni mabonge tu..."

"Miche yangu ilisema! Nilikwambia, ukasema ni mbolea mbovu. Mbolea mbovu!" Wifi akachukua shati la mumewe lililokuwa bado na maji, akamtupia kifuani. "Kesho wakija wachotaji utakwenda mwenyewe ukawaonyeshe shimo lilipo. Usipokwenda, nitakwenda mimi, na nitawaonyesha na wewe."

Akaenda. Hili lisemwe kwa heshima yake: alikwenda, akawaonyesha shimo, akashika upande mmoja wa kamba ya kupimia. Lakini hakumtazama dada yake alipopita langoni pa maabara kutia sahihi, na alipoulizwa hali alijibu, "Salama, mtaalamu."

Siku udongo ule ulipowekwa jikoni, fundi mwingine ndiye aliyejaza vikombe vitano. Mama Tupu alikuja asubuhi, akanawa, akaoka chumvi yake mpya, na kuiandaa chupa ya sita peke yake. Kisha akakaa kwenye kiti chake na kuisikiliza ikichemka, ikijaa, ikimeza, ikianza tena. Shule ilikuwa imeshapata majibu: sehemu nne salama, kona moja ya karakana ifungwe, watoto wacheze. Mwalimu mkuu alipiga simu mara ya mwisho kushukuru, na nyuma ya sauti yake zilisikika kelele za watoto uwanjani.

Mkuu wa maabara alipomaliza kusoma mashine hakumwita. Alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni.

"Tupu imenyamaza," akasema.

"Na zile?"

"Mbili hazina neno. Tatu zinapiga kelele. Ya shimoni sijawahi kuona."

Mwanamke akaitikia kwa kichwa. Hapakuwa na la kubishania. Tupu ilikuwa imenyamaza, kwa hiyo zile tatu zilikuwa zimesema kweli, na ukweli wake ulisimama kwa miguu yake wenyewe bila kushikwa na ndugu wala jirani.

Uzio ukawekwa, na kibao chekundu chenye maandishi makubwa. Muuguzi alipata kiwanja kwingine akahamia na wanawe. Hadi leo hajui kilichomkosa, na hakuna sababu ya kumwambia. Bado anampima wifi presha, na presha ya wifi, kwa taarifa ya kila anayeuliza, imeshuka.

Kaka na mkewe hawakuwa tena na uwezo wa kuendelea kupanga, maana walichokuwa nacho kilikuwa kimesimama ndani ya uzio kikiota majani mpaka madirishani. Fundi saa ndiye aliyewafuata na mkokoteni. "Shemeji, sebule yetu ina nafasi," alisema, "ila saa za wateja zinagonga usiku kila moja kwa wakati wake. Utazoea au utakuwa kiziwi." Wakahamia. Wifi na wifi wanapika pamoja na kutaniana mpaka majirani wanauliza kuna nini. Kaka anacheza karata na shemeji yake, anafukuza kuku, anarekebisha mlango uliolegea. Ni mkazi mzuri. Dada yake akirudi kazini husogeza kiti ampishe na kusema, "Karibu, mtaalamu," naye hujibu, "Asante, kaka," na kuvua viatu.

Kila asubuhi anaondoka mapema, hajajipaka mafuta mikononi, anafungua chumba chake na kupanga chupa sita. Tano anazitia udongo. Ya sita haitii.

Kanuni hiyo ilimgharimu kaka yake nyumba ya uzee wake. Yeye ilimgharimu jina la Chekeche, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliye hai anayemwita hivyo.